Chumvi ya Nkandu mu mayi ya Mwalimu Stanislas

Bantu mingi ba Kamalondo, cité ya bantu beusi ku Élisabethville, banajua hii habari upande moya tu. Banasema: Nkandu, bibi ya Mwalimu Stanislas, aliharibisha kazi ya bwana yake juu hakujua kutenganisha mayi ya kupikia na mayi ya masomo. Banacheka, banamaliza pombe yabo, banaenda kulala. Nkandu alikuwa yaya yangu, wa tumbo moya na miye, na naandika namna ilivyokuwa. Haikukuwa ujinga. Ilikuwa kisasi, na alikipika muzuri.

Tulizaliwa Mwashya, kule ku Lufira, fasi udongo yenyewe iko na chumvi. Wakati ya baridi, kiwanja ikishakauka, bamama banakwangua ile udongo nyeupe ya juu, banaitia mu kitunga, banamwanga mayi juu yake pole pole, na ile mayi yenye kutoka chini banaichemsha mu vyungu mpaka inabaki chumvi. Kazi ile inapasua mikono. Nkandu aliianza na miaka nane. Hakuingia mu kalasi hata siku moya, lakini ukimupa mayi mu kikombe, analamba ncha ya kidole na anakwambia inatoka shimo gani.

Mwaka ya 36 akaolewa na Stanislas, kijana wa misioni mwenye shati moya. Baba yake Stanislas alikuwa amekufa, bajomba bake balisema kusoma ni kazi ya bavivu. Nkandu akasema: «Atasoma.» Akabeba chumvi ku kichwa, akaleta Élisabethville, akauzisha ku soko, akarudia, akabeba tena. Vitabu, viatu, sabuni ya kufulia ile shati, yote ilitoka mu ile mikono yenye kupasuka. Miye nilikuwa nabeba nyuma yake, kwa hii sikuambiwa na muntu.

Stanislas akamaliza, akakuwa mwalimu. Bakamupa nyumba ya Kamalondo, vyumba viwili, mu katikati ukuta wa mbao nyepesi. Kila siku, mbele ya jua kuingia, alikuwa anasema masomo ya kesho kwa sauti mu chumba ya mbele. Kwanza mu Kiswahili, apate kusikia mwenyewe maana yake, kisha mu Kifaransa. Nkandu alikuwa nyuma ya ukuta, anasonga bukari. Hivi miaka kumi. Mwalimu alifundisha batoto ba bantu mu kalasi, na bila kujua alifundisha muntu moya mu jikoni.

Siku moya akaanza somo ya chumvi. Nilikuwa pale, nachambua lengalenga, mboga ya majani. Nikaona mwiko ya Nkandu inasimama.

Stanislas alikuwa anasema: «Sodiamu ni chuma. Iko laini, kisu inaikata kama siagi. Ukiitupa mu mayi, inaruka na kuwaka. Klori ni hewa ya rangi ya majani yenye kukauka. Muntu akiivuta, mapafu inaungua. Hizi mbili, kila moya mubaya, zikikutana zinafanya kitu ya kula. Juu ya nini? Juu sodiamu iko na kapande kamoya kule inje, kanaitwa elekitroni, kanamulemea. Klori anakosa kamoya. Yule anatoa, huyu anapokea. Aliyetoa anabaki na alama ya plus, aliyepokea anabaki na alama ya moins. Plus na moins zinavutana. Njo ile fundo yenye kushikisha chumvi.»

Nkandu akatia kichwa ku mulango.

— Mwalimu, akamwuliza, yule mwenye kutoa, yeye anabaki na nini?

Stanislas akacheka, akamwangalia kama vile kuku iliuliza saa.

— Anabaki na alama, mama. Alama inamutosha.

Nkandu akarudia ku bukari. Kutoka siku ile akafuata lile somo kama vile muntu anafuata kesi yake mwenyewe. Akasikia kama chumvi kavu haipitishe kuran ya umeme, juu bale babili bameshikana sana, hakuna mwenye kutembea. Akasikia kama mu mayi ile fundo inafunguka, kila moya anaenda njia yake, plus huku, moins kule, na kwa kutembea banabeba kuran. Akasikia kama mayi safi kabisa, ile haina kitu ndani, haibebe kuran: ampuli, ile taa ya umeme, inabaki kufa. Tia chumvi, ampuli inawaka. Akaniambia: «Mudogo yangu, huyu bwana anasema kazi yangu kunipita. Miye naona ile fundo ikifungwa mu chungu kila mwaka. Yeye anaisoma tu.»

Mwaka ya 52 ikatoka habari kama balimu beusi bamoja batafundisha sayansi mu shule mupya, kazi yenye ilikuwa ya bazungu tu. Mukaguzi atapita, ataangalia kila moya anavyofundisha. Mwenye kushinda atapewa nyumba ya matofali yenye umeme mu mutaa mupya. Na bantu balisema bazungu banaangalia bibi pia: kama anajua Kifaransa, kama anatandika meza.

Njo pale Germaine akaonekana. Alikuwa ametoka ku shule ya bamasœur, bale masista, anashona, anasoma, anavaa kofia. Simuchukie. Alikuwa mutoto, Stanislas alimwita, na alikuya.

Sasa musikie hii, juu bale bazaliwa ba leo banasahau. Kwetu, bibi akiwa mu siku zake, hatiake chumvi mu mboga ya bwana. Anaita mutoto, ao mama muzee, atie mu fasi yake. Siku zingine zote, mukono ya kutia chumvi ni ya mwenye nyumba. Bibi mwingine akitia, na mwenye nyumba eko muzima amesimama pale, ni sawa kumwambia mbele ya bantu: weye hauko tena bibi ya hii nyumba. Hakuna haja ya maneno.

Ilikuwa siku ya mungu, Jumapili, saa sita ya muchana. Nkandu alikuwa anapika lengalenga na samaki ya Luapula, mulango wazi, majirani bamekaa mu lupango, ile kiwanja ya nyumba. Stanislas akaingia na Germaine nyuma yake.

— Germaine, akasema, kamata ile chumvi, tia mu mboga. Tuonje mukono yako.

Germaine akaangalia chini. Na yeye alikuwa wa kwetu, alijua.

— Lakini mama eko muzima, akasema pole pole.

— Tia. Huyu kichwa yake ni chungu. Inapika, haisome.

Jirani moya akacheka, kisha akajikohoza. Germaine akatia. Chumvi yenyewe ilikuwa ya Nkandu, ya Mwashya, ameichemsha na mikono yake. Nkandu akatosha chungu ku moto, akabapakulia bote babili, akawawekea mayi ya kunawa.

— Mukule muzuri, akasema.

Yeye hakula. Stanislas, mudomo umejaa, akamwambia mipango: mwezi ukiisha, yeye na Germaine bataingia mu nyumba ya matofali, na Nkandu atarudia Mwashya kwa bandugu yake. Mpaka pale akae, apike, afue.

Jioni, mu njia ya ku mayi, nikamwambia Nkandu twende ku bazee, bakate kesi. Akanijibu:

— Bazee batamwambia anipe mbuzi. Miye sitaki mbuzi. Nataka ile nyumba ya matofali asiingie. Asiingie, hata kama na miye siingie.

Akatembea kama zamani, akafua mashati, akayapiga pasi. Mimi nilimwogopa zaidi juu ya zile pasi kuliko kama angelia.

Juma moya mbele ya mukaguzi kufika, Stanislas akaleta chupa kubwa ya kioo kutoka garage moya, mayi ya kutia mu betri ya motoka, ile bameichemsha na kukamata mvuke. Mayi yenye haina kitu. Akaiweka chini ya kitanda juu batoto ba masomo basiiguse. Akamwita Nkandu.

— Unaona hii? Usifungue. Usitie hata kidole. Weye ngozi yako imejaa chumvi tangu utoto. Hata ka mate kakiingia, somo yote inakufa.

— Nasikia, Mwalimu, Nkandu akasema.

Mutaona, mwenyewe alimuonyesha fasi ya kupiga.

Siku ya mukaguzi, Stanislas akatangulia na baiskeli yake, kravati ku shingo. Akamwachia Nkandu kazi ya kubeba chupa ku kichwa, afike saa ine, asimwange. Miye nilibeba kitunga ya vilauri na nsinga za umeme. Mbele ya kutoka, Nkandu akafunga mulango. Akatosha kiganja ya chumvi yake, akaivurugisha mu kikombe ya mayi, akaichuja mara mbili mu kitambaa mpaka ikakuwa safi kama machozi. Akafungua chupa.

— Kiganja ya kwanza, akasema, ni ya vitabu.

Akamwanga. Akakoroga ya pili, akachuja.

— Hii ni ya Germaine.

Akatikisa chupa, akaiweka mbele ya dirisha. Hakuna kitu kilionekana.

— Angalia, mudogo. Bameachana mule ndani, kila moya anatembea. Nani atabaona?

Akaibeba ku kichwa, akatembea katikati ya barabara ya cité, mugongo sawa, anasalimia bantu. Stanislas akaipokea ku mulango ya kalasi bila kumwangalia. Tukabaki inje, chini ya dirisha, juu hakuna aliyetufukuza.

Mukaguzi alikuwa muzungu mwembamba, daftari ku magoti. Nyuma balikaa balimu wengine babili, bale balitaka ile ile kazi. Stanislas akaanza muzuri. Sauti yake ilijaa mule ndani, hata miye nilipenda. Akachora sodiamu, akachora klori, akaonyesha yule anatoa na huyu anapokea. Kisha akamwanga mayi ya chupa mu kilauri, akaingiza bijiti bibili vya makala vyenye nsinga, vyenye kuendea ku betri na ku ampuli. Akasema mu Kifaransa kama mayi safi haipitishe kuran. Somo ilikuwa mu Kifaransa, lakini ampuli haijue Kifaransa. Ikawaka.

Ikawaka nyeupe, ya nguvu.

Stanislas akatosha bijiti. Akapangusa. Akaangalia nsinga. Akamwanga mayi ile mu ndoo, akajaza kilauri kingine, akaingiza tena. Ikawaka tena. Mutoto moya mbele akasema:

— Mwalimu, umeme inapita.

— Nyamaza.

— Ile inapita, Mwalimu. Inawaka.

Mu nyuma bale balimu babili balianza kutikisika mabega. Stanislas akageuka kwa mukaguzi, jasho ku kravati, akasema labda mayi ni ya kisima. Mukaguzi akamukumbusha kama dakika tano zimepita tangu alisema ni mayi ya garage. Kisha yule muzungu akasimama, akatia kidole mu kilauri, akalamba. Akasema neno moya: chumvi. Batoto bakacheka mpaka meza zikalia.

Na Stanislas akalamba. Hapo nikaona sura yake inabadilika. Chumvi ya duka iko na utamu moya, chumvi ya Mwashya iko na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, na yeye aliikula miaka kumi na sita. Akaangalia dirisha. Nkandu alikuwa amesimama pale, mikono ku tumbo, anamwangalia kama vile muntu anaangalia mvua ya mashamba yake.

Mimi nilifikiri imeisha. Kumbe ilikuwa bado.

Kesho yake, saa tisa, Stanislas akafika na mujomba yake Mukuka, muzee wa heshima. Germaine hakuonekana. Stanislas akakaa chini, ku mukeka, bila kofia. Muzee Mukuka njo aliongea.

— Mama Nkandu, kijana alimwambia mukaguzi kama ni weye ulitia chumvi, na si kwa kukosa. Muzungu hakuamini. Alisema: bibi asiyesoma, namna gani anajua chumvi inaamusha ampuli? Kama ni kweli, aje aniambie mwenyewe juu ya nini inawaka. Kama anaweza kueleza, mwalimu mwenye kufundisha bibi yake mpaka pale ni mwalimu kweli, nitatia mukono. Kama hawezi, basi bwana yake alitayarisha mubaya na anatupia bibi yake uongo, na mwongo hafundishe mu masomo yangu.

— Nasikia, muzee, Nkandu akasema.

— Nyumba itakuwa yako, mama. Germaine tutamurudisha kwabo. Kijana atapiga magoti hapa mbele ya majirani wote.

Stanislas akasema, sauti chini:

— Nkandu, unajua lile somo kunipita. Nilikuwa nasikia mwiko unanyamaza. Nilijua unasikia.

Hiyo ilimugusa. Niliona. Akaanza kukwangua ukoko ya chungu. Kumbe Stanislas alijua. Miaka yote alijua kama kuna muntu nyuma ya ukuta, na bado akamwita chungu mbele ya Germaine.

— Nitakuya kesho, akasema.

Mu usiku sikulala vizuri, nilifikiri ataregea. Nyumba ya matofali, umeme, bantu bakimwita Madame. Kusema maneno kumi tu, na maneno yenyewe ni ya kweli, na ni yake.

Tukaenda batatu, miye nikabaki ku mulango wazi. Mukaguzi alikuwa na Kiswahili ya bazungu, lakini yenye kusikilika. Ku meza yake kilauri ya mayi, bijiti, ampuli.

— Mama, weye ulitia chumvi mu chupa?

— Nilitia, Bwana.

Stanislas akavuta pumuzi.

— Muzuri. Sasa niambie, kwa nini taa inawaka?

Nkandu akaangalia ampuli. Akaangalia kilauri. Miye nilijua anaona mule ndani bale babili, kila moya na alama yake, banatembea. Mudomo yake ilifunguka kidogo, na nikaona namna alitamani kusema. Maisha yake yote hakuna muntu mwenye daftari alimuuliza kitu.

— Bwana, akasema, miye ni bibi wa chumvi. Niliona mayi haina utamu, nikasema bwana yangu ataikunywa namna gani. Nikatia.

— Hakuna mwingine alikufundisha?

— Nifundishwe nini?

Stanislas akasogea.

— Mama Nkandu, tafazali. Ya kwanza anatoa...

Nkandu akamugeukia, macho makubwa, ya upole, macho ya mama wa kijiji kabisa.

— Anatoa nini, baba?

Mukaguzi akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akamupa Nkandu mukono, akamwambia aende nyumbani, hana kosa. Kisha akafunga ile karatasi ya Stanislas, akaiweka upande wa kushoto, na akaomba ingine.

Inje, Stanislas akamukamata mukono.

— Ulijua, akasema. Ulijua yote.

— Niache, Mwalimu. Bantu banatuangalia.

Nyumba ya matofali akaingia moya wa bale balimu babili. Germaine akaolewa na fundi wa cherehani, mwaka haukwisha, na batoto bake banishikaka mukono ku soko. Stanislas akabaki kufundisha batoto badogo kuhesabu bijiti. Nkandu akatoka Kamalondo na mikeka yake miwili, akapanga chumba ku Kenya, mutaa ingine ya Élisabethville, akaendelea na chumvi. Ku soko bakamutania: «Mama, usitie hii mu mayi ya bwana.» Akacheka na bo. Mara moya kijana wa masomo akamweleza, kwa majivuno, kama chumvi ni sodiamu yenye kutoa na klori yenye kupokea, na akazigeuza, akasema klori njo inatoa. Nkandu akamusikiliza mpaka mwisho, akamupimia chumvi yake, akamwambia asante. Usiku hakukula. Ile njo ilikuwa bei, na aliilipa kila siku: kujua, na kunyamaza. Nilimwuliza kama anajuta. Aliniuliza kama nimekunywa.

Mwaka ya 59 Stanislas akakufa, mapafu. Kilio ilikuwa kwa mujomba Mukuka. Nkandu akaenda, akafunga kitambaa nyeusi, akakaa kati ya bamama. Ku siku ya kuzika, bantu bakimusifu marehemu kila moya kwa zamu, muzee Mukuka akamwomba na yeye aseme neno, juu alikuwa bibi yake wa kwanza. Mukaguzi mwembamba amerudia Ulaya tangu zamani. Ile kazi ya sayansi ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Nkandu akasimama. Akaeleza pale, mu sauti ya wazi, mwanzo mpaka mwisho, namna sodiamu anatoa na klori anapokea, namna fundo inafungwa na namna mayi inaifungua, na juu ya nini ampuli ya ile siku iliwaka. Hakukosa neno. Balimu bale babili balikuwa pale na bakainamisha vichwa.

— Njo yeye alinifundisha yote hii, akasema. Alikuwa mwalimu muzuri sana. Mukaguzi angenisikia, angemupa ile kazi.

Kisha akakaa, na akaomba bamupatie bukari.